Joto la kaskazi na maji baridi ya mlimani: mwongozo kamili kwa mtu wa Mombasa

Kaskazi ikishika Januari na Februari, wajua hali inavokuwa. Feni inapuliza hewa moto, godoro limelowa jasho, na hata bahari haisaidii manake yenyewe imefika digrii 28 au 29, ukiingia Nyali saa nane mchana ni kama hujaingia popote. Hapo ndipo magrupu ya WhatsApp yanaanza kuuliza, jamani wapi kuna maji ya baridi kweli kweli? Yapo, tena si mbali sana, na bahati nzuri ni kwamba miezi hii ya joto letu ndio kiangazi kule milimani, vuli imekwisha na masika bado mpaka Machi, mito imetulia na maji unayaona mpaka chini.

Ila kabla sijasema twende wapi, kuna jambo moja nataka lishike kichwani. Sisi watu wa pwani tumekulia majini na tunaamini tunajua kuogelea, na kweli tunajua, lakini tunajua maji ya moto. Maji ya digrii 12 hayaulizi unaogelea vizuri kiasi gani, yanaanza na pumzi yako. Nimemuona kijana hodari wa Nyali, wa kuogelea mpaka kwenye mwamba na kurudi bila kuhema, ameruka kwenye bwawa la mlimani na akatoka juu mdomo wazi hawezi kusema hata neno, macho yamemtoka, wenzake wanacheka wakidhani anafanya mchezo. Hakuwa anafanya mchezo. Kila nitakachoeleza hapa chini kinarudi hapo hapo kwenye pumzi.

Wapi uende

Kama una siku mbili tu, nenda Taita. Ile treni ya Madaraka inayosimama kila stesheni inakushusha Voi, hapo unashika matatu ya Wundanyi kupitia Mwatate, barabara inapanda kona baada ya kona mpaka masikio yanaziba, na ukishuka tu unasikia hewa nyingine kabisa. Vijito vya kule si vya kupiga mbizi, ni vya kukaa kwenye jiwe ukatia miguu, ukajimwagia, watoto wakacheza. Kwa mtu wa mara ya kwanza mimi naona hapa ndio pazuri pa kuanzia kuliko popote, unapata ubaridi bila ya kina.

Ukiwa na siku tatu nne, vuka mpaka uende upande wa Kilimanjaro. Voi mpaka Taveta ni lami, unaingia Holili, alafu Moshi. Beba passport na ile kadi ya manjano ya chanjo usije ukasumbuliwa mpakani. Materuni, kijiji juu ya Moshi, kuna maporomoko yanayoshuka zaidi ya mita 70, unatembea kwanza kwenye migomba na mibuni ya Wachagga, na kabla hujaona maji unasikia rasharasha usoni, ule upepo wa maporomoko wenyewe tayari ni baridi. Marangu pia kuna maporomoko ya Kinukamori na Ndoro. Na ukimaliza hayo yote ukataka kupasha mwili, kuna chemchemi za Kikuletwa ambazo wengi huziita Chemka, hizo maji yake ni vuguvugu na safi kama kioo.

Ukiwa na wiki nzima basi ni Mlima Kenya. Msitu wa Ngare Ndare karibu na Timau una mabwawa ya rangi ya buluu chini ya maporomoko, na daraja la kupita juu ya miti lenye urefu wa mita 450 hivi. Tembo na nyati wapo humo, kwa hivo huingii peke yako, unaingia na renja. Kwa wale wa kupanda juu zaidi kuna Ziwa Ellis upande wa Chogoria, liko zaidi ya mita 3,400 juu ya bahari na gari la fowili linafika karibu. Ziwa Michaelson liko juu zaidi, karibu mita 4,000, huko ni miguu tu, na kwa maoni yangu hilo ni la kutazama na kutia vidole basi.

Sasa pa kutoingia. Ziwa Chala karibu na Taveta ni zuri ajabu, limekaa ndani ya shimo la volkano na maji yake yanapita chini ya ardhi kutoka Kilimanjaro, lakini mamba wamewahi kuwemo na mwaka 2002 msichana kutoka Uingereza aliuawa na mamba pale akiogelea. Mtu akikwambia siku hizi hakuna kitu, mwache aingie yeye. Mzima Springs kule Tsavo Magharibi nayo usifikirie kabisa, ni viboko na mamba, ingawa ukisimama pale ni vizuri ujue kwamba maji hayo hayo ndio yaliyowekewa bomba mpaka Mombasa na tunayanywa majumbani. Kwa jumla maji ya tambarare yenye joto ndio ya mamba na viboko, ukipanda mlimani wanakwisha. Alama moja nzuri ni samaki wa trauti: mto ukiwa na trauti jua maji yake ni baridi na yanakwenda, manake samaki huyo haishi penye joto.

Saa ya kuingia

Milimani asubuhi ni jua, baada ya saa nane mawingu yanajikusanya na mvua inaweza kushuka hata kiangazi. Kwa hivo ingia kati ya saa nne na saa saba mchana, jua liko juu, mawe yamepata moto wa kukukausha, na una masaa ya kutosha kurudi kabla ya giza. Giza na baridi zikikukuta na nguo mbichi utajuta.

Na mvua si lazima inyeshe pale ulipo. Inaweza kunyesha juu mlimani, nyinyi huku chini jua linawaka, alafu mto unakuja. Alama zake zinaonekana ukizijua: maji yaliyokuwa safi yanageuka rangi ya chai, majani na vijiti vinaanza kupita vingi, mngurumo unakua, jiwe ulilolitazama limekauka sasa limezama. Ukiona moja tu katika hizo usisubiri ya pili, usirudi kuchukua viatu, panda juu kwenye ukingo. Na simu za kupiga picha zisiwekwe kisiwani katikati ya mto, manake ndizo zinazorudisha watu.

Mazoezi ya nyumbani, wiki mbili kabla

Hili watu wengi wanaliruka na ndilo linalosaidia zaidi. Wataalamu wa maji baridi wameona kwamba mtu akiingia maji ya baridi mara tano sita hivi, dakika mbili tatu kila mara, ule mshtuko wa pumzi unapungua karibu nusu, na mwili unakumbuka kwa miezi. Mombasa maji ya bomba hayana baridi, yanatoka na joto la tangi, kwa hivo nunua barafu pale wanapouza wavuvi, tia kwenye ndoo au karai kubwa na maji, subiri ipoe vizuri, alafu ujimwagie pole pole kuanzia miguu, mikono, mabega, kifua mwisho. Utasikia pumzi inakatika. Hapo usikimbie, toa pumzi nje ndefu kwa mdomo kama mtu anayepuliza chai, ivute kidogo kwa pua, toa tena. Ukiweza kufanya hivo bafuni kwako utaweza bwawani.

Nani asifanye, wala huku wala kule: mwenye ugonjwa wa moyo, presha isiyotulia, kifafa, au pumu inayoamshwa na baridi, na mama mja mzito. Hao waulize daktari kwanza. Wanaweza kukaa ukingoni na miguu majini na wakafurahi vile vile.

Nguo na vitu vya kubeba

Dada zangu na mama zangu, tuelewane hapa. Dera haliingii majini. Ni kitambaa kingi, likilowa linazunguka miguuni na linakuwa zito, na kwenye maji yanayokwenda linashikwa na mkondo au linanasa kwenye mti uliozama. Buibui ni hivo hivo na leso pia. Kama wataka sitara, na ni haki yako, nunua lile vazi la kuogelea la kufunika mwili mzima, kitambaa chake chepesi hakinywi maji, linauzwa madukani mjini na linapasha mwili kidogo pia. Kwa wanaume, jinzi na fulana ya pamba ni makosa yale yale.

Miguuni vaa raba kuukuu zilizofungwa kamba. Champali zinaondoka na maji dakika ya kwanza, na mawe ya mtoni yana utelezi wa kuvunja mguu. Asiyejua kuogelea vizuri avae boya, lile jaketi la kuelea, tena hata anayejua kama maji ni ya kina, sioni aibu yoyote hapo.

Kwenye begi uwe na mfuko usioingia maji wenye nguo kavu za kila mtu: sweta, suruali, soksi, kofia ya sufu. Zipangwe kwa utaratibu wa kuvaliwa, fulana juu kabisa, manake vidole vikishikwa na baridi havifungui zipu wala kutafuta. Taulo, kikoi cha kujizungushia wakati wa kubadilisha, chupa ya chai ya tangawizi iliyotiwa sukari ya kutosha, mahamri au viazi karai, maji ya kunywa, mafuta ya jua. Ndio, mafuta ya jua, kule juu jua linachoma kuliko huku hata ukisikia baridi.

Kuingia

Fika, kaa kwanza dakika kumi ukitazama. Maji yanatoka wapi, yanakwenda wapi, mahali gani nitatokea? Jibu la hilo la mwisho ukilikosa usiingie. Tupa kijiti uone mkondo unakipeleka wapi. Uliza mwenyeji, mzee anayepita na majani ya ng'ombe anajua bwawa lile kuliko simu yako.

Kuruka kutoka juu ya jiwe hapana, hata kama watoto wa pale wanaruka. Wao wanajua chini pana nini, na mwili wao umezoea. Tatizo la kuruka ni hili: maji baridi yakikushika ghafla, kifua kinavuta pumzi moja kubwa bila ya wewe kutaka, na kama wakati huo kichwa kiko ndani, unavuta maji. Isitoshe, kuzamisha uso na kubana pumzi wakati mwili umeshtuka kunauvuta moyo pande mbili kwa mpigo, baridi la ngozini linauharakisha na uso uliozama unaupunguza, na mapigo yanaweza kuvurugika hata kwa kijana mzima.

Kwa hivo unaingia hivi. Simama maji ya kifundo, chukua maji kwa kiganja paka shingoni, usoni, kifuani, begani. Subiri. Ingia mpaka magotini, simama, toa pumzi ndefu. Mpaka kiunoni, hapo ndipo watu hupiga kelele, na piga tu kelele, kelele ni pumzi inayotoka. Sasa chuchumaa maji yafike mabegani ukiwa bado umekanyaga chini, na utulie. Usianze kuogelea. Kifua kitapanda na kushuka haraka, ngozi inawaka kama imepakwa pilipili, yote hayo ni kawaida na yanapoa ndani ya dakika moja mpaka tatu. Jipime kwa kusema: taja majina ya watoto wa shangazi yako kwa sauti bila kukatika. Ukiweza kuyamaliza kwa pumzi iliyotulia, sasa ogelea. Ukishindwa, toka.

Ukianguka kwa bahati mbaya penye kina, usipambane. Lala chali, masikio ndani ya maji, mdomo juu, tikisa mikono kidogo tu uelee mpaka pumzi irudi. Baadaye ndio uite na utafute ukingo.

Ukiwa ndani

Hapa ndipo raha. Ile ganzi ya kwanza ikipita mwili unasikia mwepesi, kichwa kinafunguka, maji hayana chumvi ya kuchoma macho. Lala chali utazame miti, kaa chini ya maporomoko madogo yakupige mabegani, lakini yale makubwa usisimame chini yake, yanabeba mawe na magogo.

Jua pia kwamba utazama kidogo zaidi ya ulivozoea. Maji ya chumvi ni mazito kuliko ya mto, ndio maana baharini unaelea bila kazi. Kwenye maji matamu miguu inashuka na unapiga zaidi, na baridi inakula nguvu haraka, mwili unapoteza joto majini mara 25 hivi kuliko kwenye hewa ya baridi ile ile. Kwa hivo usiende katikati ya ziwa. Ogelea sambamba na ukingo, mahali unapoweza kusimama wakati wowote.

Muda? Mara ya kwanza dakika tano. Zikikukuta vizuri, toka, ota jua, rudi tena tano. Kikao kimoja kisipite dakika kumi mpaka uzoee, na Ziwa Ellis kule juu dakika moja mbili zinatosha kabisa. Kwenye maji baridi sana mikono huanza kukataa kazi baada ya dakika kumi hivi, damu inakimbilia ndani kulinda moyo na vidole vinaachwa. Kipimo chepesi ni kugusisha kidole gumba na kidole kidogo cha mkono huo huo, ukishindwa toka saa hiyo hiyo. Na mwenzako akianza kusema ovyo, au akikwambia hasikii baridi tena wakati midomo imebadilika rangi, usimsikilize, mtoe.

Kila mtu aingie na mwenzake, na mmoja abaki nje mkavu na kamba. Watoto wanapoa haraka kuliko wakubwa kwa sababu miili yao ni midogo, wao dakika tatu nne, na utawatoa wakilia wanataka zaidi, watoe tu.

Mto unaokwenda

Maji yanayofika magotini na yanakwenda kasi yanaweza kumwangusha mtu mzima. Ukivuka, fungua mikanda ya begi kifuani na kiunoni ili ukianguka uliache liende, shika fimbo, elekea juu maji yanakotoka, sogea kwa ubavu hatua ndogo ndogo. Ukibebwa, usijaribu kusimama kwenye mkondo mkali, mguu ukinasa kati ya mawe maji yanakusukuma kichwa chini. Lala chali miguu ikitangulia mbele, ikigonga mawe badala ya kichwa, na ujisogeze kidogo kidogo kuelekea ukingoni mpaka maji yatulie.

Kutoka

Watu wengi wanadhani wakitoka hatari imekwisha. Mwili unaendelea kupoa kwa dakika kadhaa baada ya kutoka, ile damu baridi ya miguuni na mikononi inarudi ndani, na ndio maana unaweza kuwa sawa ukingoni alafu ukaanza kutetemeka vibaya baada ya dakika kumi. Kwa hivo picha baadaye. Vua nguo mbichi, jikaushe, vaa kuanzia juu: fulana, sweta, kofia, alafu chini. Kunywa chai pole pole, kula kitu chenye sukari, tembea kidogo. Kutetemeka ni kuzuri, ndio mwili unawasha jiko. Usikimbilie kuoga maji moto saa hiyo, mishipa ikifunguka ghafla unaweza kuzimia, ngoja mpaka utulie. Pombe ndio kabisa, inakudanganya umepata joto huku inalitoa nje.

Mtu akiacha kutetemeka na bado ni baridi, amelegea, anasinzia, huyo ni wa hospitali. Mlaze, mfunike kavu, usimsugue wala kumtembeza, piga simu. Kenya ni 999 au 112, na Msalaba Mwekundu ni 1199. Mabondeni mtandao unakatika, kwa hivo jua mapema ni kilima kipi unapata laini.

Kupanda juu kutoka usawa wa bahari

Sisi tunaishi mita chache tu juu ya bahari. Ukitoka Mombasa ukalala Ziwa Ellis kesho yake, kichwa kinaweza kukupasuka na ukatapika. Lala kwanza usiku mmoja au miwili Chogoria au Nanyuki, kunywa maji, panda taratibu. Kichwa kikiuma sana na huwezi kutembea sawa, dawa ni kushuka, hata kama ni usiku.

Heshima ya maji

Kijito unachoogea kuna mtu chini anakichota. Wachagga wana mifereji ya tangu zamani inayopeleka maji hayo mashambani na majumbani, Taita ni vile vile. Sabuni na shampuu hapana hata zile zinazoandikwa ni za asili. Choo ni mbali na maji, hatua 70 au zaidi, na ufukie. Nepi za watoto zinarudi na wewe Mombasa. Na maji yale usiyanywe hivi hivi hata yang'ae namna gani, ng'ombe na nyani wako juu yako, chemsha.

Ukisharudi

Tandaza kila kitu juani, raba ndio zinanuka kuliko vyote. Kwa wiki kadhaa jitazame. Maji ya mlimani yanayokwenda kasi hayana konokono wengi wa kichocho, lakini ukipita kwenye madimbwi yaliyotulia ya chini, vimelea huingia kwa ngozi bila kujua. Ukipata muwasho siku moja mbili baadaye, au homa, kikohozi na uchovu wiki chache mbele, au damu kwenye mkojo, usinunue tu dawa ya malaria dukani. Nenda kapimwe na umwambie daktari wazi kwamba uliingia maji matamu, wapi na tarehe gani, manake Mombasa asipoambiwa, malaria ndio itakayomjia kwanza, na vipimo vya kichocho ni vingine. Dawa yake ni praziquantel, na vipimo vyenyewe huonyesha vizuri wiki kadhaa baada ya kuingia majini, kwa hivo ukipimwa mapema ukaambiwa huna kitu na dalili zipo, rudi upimwe tena.